Kompyuta imegoma kuwaka baada ya mtoto kuweka Linux? Okoa mafaili kwanza

KATIKA nyumba nyingi kompyuta mpakato ni moja, lakini wenye shida nayo ni wengi. Baba ameweka humo hesabu za duka na mikataba ya wapangaji. Mama ana ripoti za kikundi cha kuweka na kukopa. Dada mkubwa ana utafiti wake wa chuo, na picha za harusi na za bibi aliyetangulia mbele za haki zimo humo humo. Siku ikigoma kuwaka, nyumba nzima inasimama.

Siku hizi ipo sababu moja ya kugoma ambayo wazazi wengi hawaijui hata kwa jina. Kijana yuko likizo, anasoma au anatamani kusomea kompyuta. Amesikia kwamba wataalamu wanatumia Linux, akaipakua, akaiweka kwenye flashi, kisha akaisimika kando ya Windows. Alipozima na kuwasha tena, akakuta kioo cheusi na maneno meupe ya Kiingereza. Windows haionekani.

Kinachofuata kwa kawaida ni mambo mawili. Mzazi anafoka, halafu kompyuta inapelekwa kwa fundi "ikapigwe Windows upya". Hili la pili ndilo la hatari zaidi, kwa sababu kupiga Windows upya bila maandalizi mara nyingi ni kufuta kila kilichokuwamo. Mara nyingi hitilafu yenyewe haikuwa imepoteza hata picha moja. Waliopoteza picha ni sisi, kwa haraka yetu.

Kwa nini mtoto anaitaka Linux

Windows ni mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiamsha kompyuta na kuzisimamia programu nyingine zote. Linux ni mfumo mwingine wa aina hiyo, na unapatikana bure. Ulianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, kijana wa miaka 21 aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Finland. Leo unaendesha sehemu kubwa ya kompyuta zinazohudumia intaneti. Kama simu uliyoshika ni ya Android, nayo imejengwa juu ya kiini cha Linux.

Toleo lake moja maarufu linaitwa Ubuntu. Lilianza mwaka 2004 chini ya Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini, na jina hilo ni neno la Kibantu lenye shina moja na neno letu "utu".

Ipo sababu nyingine. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifikisha mwisho msaada wa kawaida wa Windows 10, na kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Linux huzipa mashine hizo maisha mengine. Kwa hiyo kijana aliyeiweka huenda hakuwa anachezea mali ya watu. Alikuwa anajifunza, ila alijifunzia kwenye mashine inayobeba kumbukumbu za familia.

Njia imepotea, mali ipo

Ifikirie diski ya kompyuta kama nyumba kubwa yenye kibao getini. Ukiwasha mashine, kitu cha kwanza inachofanya ni kukisoma kibao: mfumo uko chumba gani? Windows ina kibao chake. Linux ikija, huweka kibao kingine kinachoitwa GRUB, ambacho huonyesha menyu na kukuuliza unataka kufungua mfumo upi.

Katika kompyuta za miaka hii kibao hicho hukaa kwenye kipande kidogo sana cha diski, mara nyingi MB 100 au zaidi kidogo. Picha na nyaraka zako ziko kwenye kipande kingine, chenye mamia ya GB. Kibao kikiharibika, au kikielekeza chumba ambacho hakipo tena, mashine inasimama getini. Vitu vya ndani bado vipo mahali pake.

Hali zinazotishia mali yenyewe ni chache. Kubwa ni mtoto kuchagua kufuta diski nzima wakati wa kusimika. Nyingine ni kufuta kipande cha Windows kwa bahati mbaya, au umeme kukatika wakati vipande vya diski vinapunguzwa ukubwa. Ndiyo maana kazi ya kwanza ni kuuliza kilichotokea.

Muulize kabla ya kumfokea

Mtoto ndiye shahidi pekee wa kilichofanyika. Akiogopa, ataficha, na mficha maradhi kilio humfichua. Kuna kosa la pili ambalo vijana hufanya kwa woga: mfumo ukileta shida, wanakifuta kipande cha Linux ili kupoteza ushahidi. GRUB inabaki bila makazi yake, na mashine iliyokuwa inafunguka sasa haifunguki kabisa.

Kaa naye, muulize taratibu:

1. Ulichagua kuweka Linux kando ya Windows, au kufuta diski nzima?
2. Kuna kipande cha diski ulichofuta au kupunguza?
3. Uligusa mipangilio ya ndani ya mashine, ile inayofunguka kabla ya Windows?
4. Flashi uliyotumia bado unayo?
5. Baada ya kugoma, umejaribu nini?

Tena, usimhukumu kabla ya kujua. Agosti 2024 sasisho la Windows lilifanya baadhi ya kompyuta zenye mifumo miwili zikatae kufungua Linux, na wenye mashine hizo hawakuwa wamegusa kitu. Yapo makosa yanayokuja yenyewe.

Kioo kinasema nini?

Kabla ya kubonyeza chochote, kipige picha kioo kwa simu. Picha hiyo itakusaidia wewe, kijana na hata fundi. Haya ndiyo maneno yanayoonekana mara kwa mara:

"grub rescue": GRUB imeamka lakini haioni mafaili yake mengine. Mara nyingi kipande cha Linux kimefutwa au kimehamishwa.

"No bootable device": mashine haikuona mfumo wowote. Huenda orodha ya mifumo imevurugika. Lakini kama diski haionekani hata kwenye mipangilio ya ndani ya mashine, yawezekana imelegea au imekufa, na hiyo ni kazi ya fundi.

Kioo cha bluu kinachodai ufunguo wa tarakimu 48: diski imefungwa kwa kinga ya Windows iitwayo BitLocker. Hujaibiwa. Mashine imehisi mabadiliko na inataka uthibitisho kwamba wewe ndiye mwenyewe.

"INACCESSIBLE BOOT DEVICE": mara nyingi mtu amebadilisha namna diski inavyosomwa, kutoka RAID kwenda AHCI au kinyume chake. Dawa ni kurudisha kama ilivyokuwa.

Linux inafunguka moja kwa moja bila kuuliza: Windows ipo, ila haijaandikwa kwenye menyu. Hii ndiyo nyepesi kuliko zote.

Hatua ya kwanza: chagua mlango kwa mkono

Chomeka chaja. Zima kompyuta kwa kushikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama kumi. Iwashe tena na hapo hapo anza kugonga kitufe cha kuleta orodha ya mifumo. Kwa HP, gonga Esc kisha F9. Kwa Dell na Lenovo nyingi ni F12. Kwa Asus nyingi ni Esc. Kwa Acer ni F12 pia, ingawa katika baadhi ya mashine hizo F12 haifanyi kazi mpaka iruhusiwe kwanza kwenye mipangilio, ambayo hufunguliwa kwa F2. Kama hakuna kinachotokea, jaribu tena huku umeshikilia kitufe cha Fn.

Orodha ikitokea na ukaona "Windows Boot Manager", iteremkie kwa mshale na ubonyeze Enter. Mara nyingi Windows inafunguka kama kawaida, hata kwa aliyekuwa amekwama kwenye "grub rescue".

Ikifunguka, usirudi kwenye kazi zako kwanza. Nakili mafaili muhimu nje ya kompyuta. Baada ya hapo ingia kwenye mipangilio ya mashine na uiweke Windows Boot Manager juu ya orodha. Kwa nyumba nyingi, safari inaishia hapa bila kumlipa mtu.

Hatua ya pili: okoa mafaili

Kama hatua ya kwanza haikufaulu, dawa huenda iko mfukoni mwa mtoto. Flashi ile ile aliyotumia kusimika Linux inaweza kuiwasha kompyuta bila kuigusa diski. Ichomeke, leta orodha kwa kitufe kile kile, uchague flashi. Ikiuliza, chagua kujaribu tu, palipoandikwa "Try". Usiguse palipoandikwa "Install". Neno hilo moja ndilo linalotofautisha kuokoa na kufuta.

Dakika chache baadaye utaona kioo cha Linux. Fungua sehemu ya mafaili, bonyeza diski kubwa ya Windows, ingia kwenye folda ya Users, kisha jina la mtumiaji. Humo utakuta Documents, Desktop, Pictures na Downloads. Chomeka diski ya nje au flashi nyingine, unakili. Maliza kwa kufungua picha mbili tatu na nyaraka kadhaa kutoka kwenye nakala, uhakikishe kweli zinafunguka.

Linux ikidai kwamba Windows haikuzimwa kikamilifu, usilazimishe kuandika kitu kwenye diski hiyo. Kwa kawaida itakuruhusu kusoma tu, na kusoma kunatosha kwa kunakili.

Kama flashi imeshafutwa, azima kompyuta ya jirani na utengeneze nyingine. Linux Mint ni takriban GB 3, Ubuntu ni karibu mara mbili yake, kwa hiyo angalia bando kabla ya kuanza. Flashi ya GB 8 inatosha, ila kila kilichokuwamo kwenye flashi kitafutika.

Kama diski imefungwa

Kwa kompyuta iliyofungwa na BitLocker, flashi ya Linux haitasoma kitu mpaka uwe na ule ufunguo wa tarakimu 48. Chukua simu, fungua account.microsoft.com/devices/recoverykey na uingie kwa akaunti iliyotumika kompyuta ilipoanza kutumika. Hapo ndipo familia nyingi hukwama: kompyuta ilifunguliwa kwa barua pepe ya mjomba aliyeileta, au ya shemeji aliyesaidia siku ya kwanza. Wapigie wote. Kama kompyuta ni ya kazini, waulize ofisini. Usikubali ifutwe mpaka akaunti zote zimekaguliwa, kwa sababu bila ufunguo hakuna fundi wa kuifungua.

Kama diski imefutwa kweli

Izime, na isiwashwe kwa matumizi ya kawaida. Usiweke Windows, usipakue chochote ndani yake. Faili lililofutwa mara nyingi hubaki kwenye diski mpaka jambo jipya liandikwe juu yake, kwa hiyo kila unachoongeza kinaweza kuzika kile unachokitafuta. Zipo programu za bure za kujaribu kurejesha, zikiwamo TestDisk na PhotoRec, nazo huendeshwa kutoka kwenye flashi huku kinachopatikana kikihifadhiwa kwenye diski nyingine. Kwa diski za kisasa za SSD matumaini ni madogo, kwa kuwa diski hizo husafisha zenyewe nafasi zilizofutwa. Hapa mtafute fundi mwenye uzoefu wa kurejesha data, umweleze ukweli wote.

Hatua ya tatu: sasa rekebisha

Mafaili yakishakuwa salama, kazi iliyobaki haina presha.

Kama mnataka kubaki na mifumo yote miwili, flashi ya Linux Mint ina programu iitwayo Boot Repair ndani ya menyu, sehemu ya Administration. Unganisha intaneti, ifungue, ukubali marekebisho inayopendekeza. Itakiandika kibao upya.

Kama mnataka Windows peke yake na mlango wake hauonekani, tengeneza flashi ya Windows kwa kutumia kompyuta nyingine. Iwashe mashine kwa flashi hiyo, uchague "Repair your computer", halafu "Troubleshoot", kisha "Startup Repair". Angalia macho yako hapo, kwa sababu kitufe cha kusimika Windows upya nacho kiko karibu.

Kama Linux inafunguka lakini menyu haina Windows, kazi hiyo mwachie kijana. Tangu mwaka 2021 GRUB haitafuti mifumo mingine mpaka iambiwe. Afungue faili la /etc/default/grub, aandike mstari wa GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, ahifadhi, kisha atoe amri ya sudo update-grub na kuwasha upya.

Tahadhari moja: ukishauriwa kuzima kinga ya Secure Boot ili Linux ifunguke, hakikisha kwanza ufunguo wa tarakimu 48 unao. Kuzima kinga hiyo kunaweza kuiamsha BitLocker.

Ukifika kwa fundi

Fundi wengi ni waaminifu. Lakini fundi analipwa ili mashine iwake, na njia ya haraka kwake ni kufuta na kuanza upya. Picha za bibi yako hazijui. Ni kazi yako kumwambia kabla hajaigusa:

"Mafaili yaliyomo nayahitaji. Usifute wala kusimika chochote kabla hujanionyesha nakala. Shida ilianza baada ya kuweka Linux, na picha ya kioo hii hapa."

Muulize nakala ataiweka wapi, na nenda na diski yako ya nje ili zisibaki kwake. Humo kuna vitambulisho, mikataba na pengine nywila za benki. Ukiweza, kaa naye. Akisema haiwezekani bila kufuta, muombe aiwashe kwa flashi ya Linux muangalie pamoja kilichomo. Kama hataki kujaribu hilo, ichukue mashine yako na umtafute mwingine.

Makubaliano ya nyumbani

Kumpiga marufuku mtoto asiguse kompyuta hakusaidii. Atagusa ukiwa umelala. Kinachosaidia ni makubaliano machache, yaliyoandikwa na kubandikwa karibu na meza:

Nakala kwanza. Hakuna kusimika mfumo wowote kabla mafaili ya familia hayajawekwa kwenye diski ya nje.

Ufunguo wa tarakimu 48 uandikwe kwenye karatasi, uwekwe pamoja na vyeti vya kuzaliwa na hati za nyumba.

Mazoezi yafanyike kwenye flashi. Linux hufanya kazi vizuri ikiwa kwenye flashi bila kuigusa diski. Njia nyingine ni programu ya bure ya VirtualBox, inayofungua Linux ndani ya dirisha la Windows.

Siku ya kusimika, chaja iwe imechomekwa na betri imejaa, na isiwe mkesha wa mtu kukabidhi kazi ya chuo.

Kwenye Windows, kipengele cha Fast Startup kizimwe kwanza, kwa sababu huiacha Windows ikiwa imelala nusu na kuisumbua Linux.

La mwisho: kitu kikiharibika, kisemwe siku hiyo hiyo, na anayesema hatafokewa.

Hilo la mwisho ndilo gumu kwetu wazazi, lakini ndilo linaloyalinda mengine yote. Mtoto anayejua atasikilizwa atakuita kioo kikiwa bado kinasema "grub rescue", wakati picha zote zingali zimo. Anayeogopa atakuita baada ya kujaribu kila kitufe.

Kama kompyuta yenu leo inawaka vizuri, anzeni na lile la kwanza Jumamosi hii. Nunueni au azimeni diski ya nje, mkae pamoja, na kila mmoja aonyeshe mafaili yake yako wapi. Mnapomaliza, mpeni kijana flashi yake akajaribu Linux.